Mercy wa Elkana

Tirza hakuanza na majina. Alifungua Biblia ya Shangazi Kezia ukurasa wa kwanza kabisa, akainama kutazama ilichapwa mwaka gani.

"Siyo huko, mwanangu," alisema Bibi Wheelock. "Majina ya ukoo yako katikati, baina ya Malaki na Mathayo. Kila mtu mwenye kwao anajua."

"Najua," alisema Tirza.

Bibi Wheelock alikuwa katibu wa chama cha kina mama ambao mababu zao walipigana kumtoa Mwingereza. Alikuwa amempandisha Tirza na mumewe kwenye gari lake la farasi, wakapanda vilima vya Connecticut hadi shamba hili, kwa jambo moja tu. Tirza alitaka kujua kama Mercy, mama aliyemzaa babu yake, alikuwa kweli binti wa Elkana Sprague, askari wa vita vile. Mercy akiwa wa Elkana, na Tirza ni wa Elkana.

"Miaka mitatu ya ndoa, mtoto hakuna," Bibi Wheelock alimwambia Kezia. "Nikamwambia, binti, watoto wakikataa kuja, si utafute mababu!"

Wakacheka. Tirza hakucheka, wala hakukasirika. Maneno yalimpita kama yanamhusu mtu mwingine.

Kezia alikuwa anamlisha kaka yake, Ansel. Alifungwa kitini kwa mkanda, kwa wema tu, maana mikono na miguu yake haikutulia mchana kutwa. Mkono ukaruka, kijiko kikagonga jiko. Bibi Wheelock akageukia dirishani. Tirza alikiokota, akakipangusa kwa sketi yake, akakirudisha.

"Ahsante, mwanangu," alisema Kezia. "Hata Elkana mwenyewe alikwisha hivi hivi. Baba yetu naye. Ukigusa miaka arobaini ugonjwa huu wa ukoo unabisha hodi. Lakini shujaa ni shujaa, au siyo?"

"Shujaa ni shujaa," alisema Bibi Wheelock haraka.

"Ninyi wa Mercy ndio mmetushinda kwa haraka," Kezia aliendelea. "Mercy, homa. Babu yako, risasi. Mama yako, uzazi. Hakuna hata mmoja aliyengoja mvi! Kwenu mnaondoka chakula kingali moto."

"Ndiyo, Shangazi," alisema Tirza.

Bibi Wheelock alikuwa amekwisha kuufikia ukurasa wa majina. Alipiga kofi.

"Huyu hapa! Mercy, kazaliwa mwaka 1806. Yuko na wenzake, baba Elkana juu yao. Umekwisha kuingia chamani, mwanangu. Hongera!"

Tirza alivuta Biblia karibu. Alitazama mistari ile bila kupepesa macho.

"Imechapwa mwaka 1835," alisema. "Na mwandiko ni mmoja, wino mmoja. Mtu alikaa siku moja akawaandika wote, wakati Mercy ni mama mwenye watoto wake."

"Bibi yangu huyo aliyeandika," alisema Kezia. "Alimpenda sana Mercy."

"Kupenda siyo ushahidi, Shangazi. Nataka wasia wa Elkana."

Bibi Wheelock alivua miwani. "Tirza! Chama hakitauliza. Nani atakuuliza Biblia ilichapwa lini? Nimewapitisha kina mama kumi kwa Biblia za namna hii hii. Wengine huchimba wapate, wewe unachimba upoteze!"

"Nataka wasia."

Wakashuka mjini, Bibi Wheelock akinung'unika njia nzima. Lyman, mume wa Tirza, alikaa kando ya mkewe. Walipofika mahakamani hakutaka kuingia. Alisema atakaa na farasi.

Karani aliweka mezani buku la wasia za zamani, kubwa kama mlango wa kabati. Tirza alisoma kwa kidole. Elkana alianza kwa kumkabidhi Mungu roho yake. Wana akawapa mashamba, kila mmoja kipande chake. Mabinti akawapa kondoo na sufuria za shaba. Kisha kidole kikasimama.

Bibi Wheelock aliinama, akasoma kwa sauti:

"Na Mercy, mtoto wa marehemu Yosia Tripp, ambaye mke wangu alikuja naye mgongoni nilipomwoa, nampa ng'ombe mmoja na kitanda kizuri, kwa kuwa nimemlea kama wangu na hakuwahi kunikosea."

Karani alijifanya anachonga kalamu.

"Ee mwanangu," alisema Bibi Wheelock, na sasa hakuwa na kejeli hata chembe. "Mtoto wa kufikia. Pole. Pole sana. Ungenisikiliza kule juu, tungeinakili Biblia tukaenda zetu. Sasa nimekwisha kuona kwa macho yangu, siwezi kusema sijaona."

"Huwezi," alisema Tirza.

"Huyo Yosia Tripp labda naye alipigana. Tutamtafuta."

"Hapana. Ahsante, Bibi. Inatosha."

Alimwomba karani amwandikie nakala ya mistari ile, agonge na mhuri. Alisimama akingoja, mikono imelala ubavuni, uso hauna kitu. Bibi Wheelock alimpapasa bega, kama apapasavyo mtu aliyefiwa, na Tirza akamwacha apapase.

Kisha akatoka peke yake. Lyman alikuwa ameshika hatamu. Aliuona uso wa mkewe, akaogopa kuuliza.

"Elkana si wangu," alisema Tirza, akamshika mumewe koti kwa mikono miwili. "Lyman, tunaweza kuzaa."