Kiatu cha Kushoto

"Picha ni nzuri," daktari alisema. "Vyuma vyote mgongoni vimekaa mahali pake."

"Si nilisema mimi?" mke wangu akadakia. "Ni ganzi kidogo tu mguuni. Huyu mume wangu ana wasiwasi kama kuku mwenye vifaranga."

Mwaka mzima tangu apasuliwe, jibu lake ni hilo hilo: ganzi kidogo tu.

Mimi ni fundi viatu. Picha za mifupa sizielewi, lakini soli nazielewa. Nikafungua mfuko, nikaweka viatu vyake vya kazini juu ya meza, soli zikitazama dari.

"Jamani, baba watoto! Unaniaibisha."

"Cha kulia nimekitia soli mara moja," nikamwambia daktari. "Cha kushoto, mara nne. Kinalika hapa tu, kwenye ncha. Na kila mara naambiwa siku hizi nalipua kazi."

"Si unalipua kweli?" akasema mke wangu, akicheka.

Daktari hakucheka. Alipitisha kidole gumba kwenye ile ncha iliyosagika, kisha akachuchumaa mbele ya kiti cha mke wangu.

"Vua viatu, mama. Visigino vibaki sakafuni, halafu nyanyua vidole vya miguu yote miwili."

Mguu wa kulia uliitika. Wa kushoto ulilala pale pale.

Mke wangu akautazama, akajaribu tena. Kisha akaushika mkono wangu, pamoja na gundi yake yote.

"Fundi wangu," akaninong'oneza, "kumbe soli zako hazikuwa na kosa."