Sheria ya Mbayuwayu

Palikuwa na Mbayuwayu, mdomo mkubwa kuliko mbawa. Kila masika alikwenda kwao ng'ambo, na kila vuli alirudi kwenye banda la ng'ombe akiwa na jipya la kuwafunza wenyeji.

Siku Njiwa alipopiga hodi, akaingia na kuomba pa kutagia, Mbayuwayu alimwahi Jogoo, mkubwa wa banda. "Mzee, mnajaza tu. Huko kwetu mgeni haingii mpaka mwenyeji amdhamini."

"Huyu keshaingia," akasema Jogoo.

"Basi akae, ila asiwe na kauli."

Jogoo akayapenda yote mawili, yakawa sheria. Masika ilipofika Mbayuwayu akaondoka zake, kifua mbele.

Vuli akarudi na mvua mgongoni, akamkuta Jogoo mlangoni.

"Nani anakudhamini?"

"Mzee, sheria hiyo si niliileta mimi?"

"Basi huna haja ya kuelezwa."

Ng'ombe walikuwa wamechoka kufunzwa, wakaendelea kucheua. Mbayuwayu akachungulia ndani, akamwona Njiwa juu ya mayai.

"Dada, si unanijua?"

"Nakujua sana, kaka. Ila kauli sina."

Njiwa akayafunika mayai yake vizuri, Jogoo akavuta mlango.