Konekta ya Dhahabu

Itangazwe mjini kote: mnara mkuu wa mawasiliano umesimama! Mnara wenyewe ulikuwa mwanzi juu ya banda la kuku. Chini yake Bi Nyamvula alichagua kati ya konekta mbili za kuungia waya wa antena. Redioni kaka yake, aliyekuwa kimya miezi mitatu, aliita kutoka kisiwa cha mbali, sauti ikififia.

Bi Nyamvula alipitisha ukucha kwenye konekta iliyong'aa kama dhahabu, akaiweka kando, akakaza ile iliyochakaa.

"Dada! Nakusikia kama uko jikoni!"

Walipomaliza kucheka na kulia, aliinusa ile ya dhahabu. "Rangi ya kucha. Haipitishi umeme; ingemmeza kaka yangu mzima. Nani kaipaka?"

Msimulizi wenu alificha mikono mgongoni.

"Leta vidole."

"Ni mimi, shangazi." Vyote kumi viling'aa.