Duka la Kichochoroni

Tangu amfuate mumewe ughaibuni, Kibibi alikuwa akipika chakula kisicho na ladha. Alasiri moja, katika kichochoro cha nyuma ya kwa dobi, alinusa papa mkavu, akaifuata harufu hadi kwenye duka dogo. Ndani alikuta unga wa muhogo, bizari, ubuyu, hata mbuzi ya kukunia nazi. Machozi yalimlengalenga.

“Karibu, dada,” alisema muuzaji, mwanamke wa rika lake, kwa lugha ya kwao. “Humu hakikosekani kitu.”

“Umeanza lini kuuza hapa?”

Muuzaji alitupia mlango jicho. “Nilikuja kununua ndimu tu. Aliyekuwepo akaniomba nimshikie duka mara moja, akatoka. Na mimi nina mtoto mchanga nyumbani.”

Kibibi alicheka. Mwenzake hakucheka.

“Nishikie mara moja, dada yangu. Nikamnyonyeshe.”

Kibibi aliona matiti yaliyolowesha kanga, akashindwa kukataa. Mwanamke akachomoka, na mlango ukajifunga nyuma yake.

Kupitia kioo, Kibibi alimwona akikimbia peku kwenye theluji, akiita, “Hamadi! Mwanangu Hamadi!”

Ng’ambo ya njia, babu kikongwe mwenye mkongojo alisimama, akageuza kichwa polepole, kama aliyeitwa yeye.