Mke Mwenza wa Mezani

Kisanduku kilichokuwa mezani kilisema kwa sauti ya kike, "Shamte, chai inapoa," na mzee akainua kikombe. Mkewe, Bi Mishi, alikuwa akimwambia kuwa inapoa tangu ilipomiminwa, asisikilizwe.

"Ana nini huyu mwanamke wako?" Bi Mishi alimuuliza Salha, binti aliyekuwa akichunguza kama vifaa hivyo vya kukumbusha vinawafaa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, kama Shamte. "Hata maji hajui kuchemsha!"

Salha alicheka, kisha akaona bibi hacheki naye. Akasogeza kiti karibu. "Bibi, wewe humwitaje mumeo?"

"Baba Mwanakheri, tangu tumzae. Kwetu mke hamtaji mumewe kwa jina."

"Huenda amesahau kwamba ana mtoto," Salha alisema taratibu. "Lakini jina alilopewa na mama yake bado analo. Nikizime, ujaribu wewe?"

Bi Mishi alitazama mlangoni, kana kwamba marehemu mama mkwe angeingia. Akajiziba mdomo kwa leso. "We binti, utanitia aibu uzeeni."

Salha alikizima kisanduku, akatoka uani bila kuambiwa, akaurudishia mlango.

"Shamte," Bi Mishi alinong'ona.

Mzee aliweka kikombe chini. Akageuka, akamtazama usoni kwa muda mrefu, halafu akaanza kufunga vifungo vya shati lake, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni, kama siku ile alipokuja kwao kumposa.