Mchezo wa Kupigia Mchi

Mama alikuwa amesimama katikati ya sebule, na miaka yake sabini na miwili, ameushika mchi wa kinu kwa mikono miwili, akisubiri kurushiwa soksi.

"Kunja magoti kidogo, Mama," alisema mwanawe mdogo. "Macho kwenye mpira."

Soksi iliyoviringishwa ikaruka. Mama akaichapa, ikagonga kalenda ukutani, na nyumba nzima ikaangua kicheko: wajukuu, mkwe, hata jirani aliyekuja kuazima pasi. Kombora, mwanawe mkubwa, peke yake hakucheka. Alikuwa mlangoni, ametoka kwenye karakana yake ya makochi, vumbi la sponji limemjaa kichwani, na hakuna aliyegeuka kumwambia karibu.

Watu walimwita Kombora kwa sababu ya shuti lake la zamani. Siku hizi hata wateja ambao hawakuwahi kumwona akicheza walimwita hivyo, wakidhani ni jina la karakana.

Mdogo wake alikuwa amekuja kwa wiki tatu, baada ya miaka kumi na minane ughaibuni, na tangu afike nyumba haikuwa na mazungumzo mengine ila besiboli. Kule, alisimulia, timu moja hucheza mechi zaidi ya mia na hamsini kwa msimu. Watu huenda uwanjani na familia, kila mtu ana kiti chake chenye namba, wanakula, wanapiga soga. Watoto hupelekwa mazoezini kwa gari na wazazi wao, wamevaa sare, hata kama hawajui kudaka.

"Sisi baba zetu walikuja uwanjani na fimbo," Kombora alisema. "Kuturudisha nyumbani."

Aliyecheka ni mdogo wake tu, na hilo nalo lilimuudhi.

"Tena kule mechi haiishi kwa sare," mdogo aliendelea. "Watacheza mpaka mmoja ashinde."

"Basi hawajui kuridhika."

Mkewe akamkanyaga mguu chini ya meza.

Siku hiyo, wakiwa bado wanakula, Kombora aliona atoe na yeye ya kwake. "Huku kwetu hakukuwa na viti," alianza. "Fainali ile watu walisimama mpaka kwenye mstari wa majivu, ukitaka kupiga kona unaomba wakupishe. Nikafunga matano. Wakanibeba mabegani hadi mlango huu hapa. La tatu nililipiga kutoka mbali, kipa…"

"La tatu lilikuwa la kichwa," mdogo wake alisema taratibu, bila kuinua macho. "La nne ndilo la mbali."

"Unanisahihisha mabao yangu?"

Mdogo akaomba radhi. Lakini hadithi ilikuwa imeshakatika, na watoto wa Kombora, waliokwisha kuisikia mara nyingi kupita kiasi, wakamrudia baba yao mdogo na maswali ya glovu. Kombora alimaliza sahani yake bila kujua amekula nini.

Kilichomuuma zaidi ni Mama. Mama huyu hakuwahi kukanyaga uwanjani. Hiyo fainali yenyewe alisikia kelele zake tu akiwa jikoni. Leo hii alikuwa anauliza kwa nini mtu akipiga mpira ukatoka nje anashangiliwa, badala ya kuambiwa aende akautafute.

Jumapili kulikuwa na mechi ya maveterani.

"Utacheza," Kombora alimwambia mdogo wake.

"Mguu wangu hauko sawa, kaka."

"Wa kulia au wa kushoto?"

Mdogo akaitazama miguu yake yote miwili.

Mtaa mzima ulikuwepo, na Mama akaletewa kiti. Kombora alimpanga mdogo wake mbele kabisa, mahali ambapo hakuna namna ya kuukwepa mpira. Wa kwanza ulimpita chini ya unyayo. Wa pili aliukosa akapiga hewa, akaanguka kifudifudi, na watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Kombora mwenyewe, na goti lake bovu, alifunga mawili. Alikuwa hajapata Jumapili tamu namna hiyo kwa miaka.

Filimbi ilipolia, Mama aliinuka, akakatisha uwanja, akampita mfungaji kama anayepita mti, akaenda kumpangusa mdogo vumbi magotini kwa upindo wa nguo yake.

Walirudi nyumbani. Mdogo akaingia kuoga. Kombora alibaki sebuleni peke yake, na simu ya mdogo wake ikaanza kuita mezani. Ilikuwa ya video. Akaipokea.

Akatokea msichana wa miaka kama tisa. Kiswahili chake kilikuja polepole, neno moja moja.

"Wewe ndiye baba mkubwa?"

"Ndiye mimi."

"Baba yuko wapi?"

"Anaoga. Tumetoka kwenye mechi." Kombora akaisimamisha simu vizuri kwenye birika, akakohoa. Nafasi aliyokuwa akiitafuta wiki nzima ilikuwa imejileta yenyewe. "Ngoja nikusimulie baba yako alivyocheza."

"Amefunga mangapi?" mtoto alidakia. "Rafiki zangu wanataka kujua. Na kocha wetu pia. Wote nimewaambia ile fainali, Baba alifunga matano, watu wakambeba hadi mlangoni. Baba anasema wewe ulikuwa unambebea viatu, na hukukosa mechi yake hata moja."

Bafuni maji yakakoma. Kombora akautazama mlango, kisha akamrudishia mtoto macho.

"Mawili," alisema. "Leo kafunga mawili tu, mwanangu. Umri nao."