Rangi Kwenye Kucha

MC akamwomba aliyepamba keki ya sendoff ya binti yangu asimame, apigiwe vigelegele.

Niliipamba mimi. Mimi ni fundi wa plasta hapa mtaani Kanyenye. Krimu naisawazisha kama ukuta, na maua nilijifunza kwenye simu. Lakini nilikuwa nimekaa na mafundi wenzangu.

"Isije ikawa wewe ndiye umeipiga plasta," mmoja akanitania, meza nzima ikacheka.

"Mambo ya wanawake hayo," nikasema kwa sauti. "Kapamba mke wangu, Pelagia."

Pelagia akasimama taratibu, akapokea vigelegele bila kunitazama.

Kisha binti akaja kunilisha keki. Akaziona kucha zangu, zina rangi ya waridi ileile ya maua ya keki.

Akanitia kipande mdomoni, akaninong'oneza:

"Ficha mikono, baba."